Barua ya malalamiko: kitanda cha taa mlichoniuzia bila miwani

Paje, Unguja
Kwa Meneja wa Mauzo, Dar es Salaam

Assalaam aleykum, na kama si hivo basi habari za kazi kwa yeyote atakaeifungua barua hii hapo ofisini kwenu.

Mie ndo yule mwenye saluni ya Paje mliyemuuzia kitanda cha taa mwezi wa nne, kile ambacho wageni wanakiita sanbedi, mtu analala ndani taa zinammulika ngozi ipate rangi kama ya jua, kikaja kwa boti ya mizigo mpaka bandarini Malindi hapa Unguja na kutoka hapo nkakodi kenta kwa pesa yangu kukileta huku shamba. Nshawapigia simu mara sita. Mara mbili za mwanzo mlipokea alhamdulillahi, baada ya hapo simu inaita mpaka inakata yenyewe, ndo nkaona niandike.

Nianze mwanzo msije mkasema huyu bibi kachanganya mambo. Saluni yangu ni ya singo, hina na masaji, singo ile ya kusugulia mwili tunatwanga wenyewe, hiyo ndo kazi naijua tokea kwa bibi yangu. Sasa masika ikiingia wageni wanapungua, na hao wachache wanaokuja mvua inawafungia vyumbani, wanarudi kwao weupe vilevile walivokuja na wananuna, ndo kijana wenu wa mauzo akanambia mama chukua kitanda hichi, dakika kumi tu mgeni anatoka na rangi yake. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, Zanzibar mtu unauza jua la umeme? Lakini nkaona biashara ndo ilivo, nkatoa milioni sita na laki tatu, nyengine ya mchezo wa kina mama ambao mpaka leo naulipa.

Kwenye boksi mlikuwa na kitanda, waya, taa mpya na karatasi moja la Kichina. Basi. Miwani hamna, tena skujua kama inatakiwa iwepo, hilo nakiri.

Aliyenigutua ni mteja wangu wa mwanzo kabisa, mwanamke wa Kijerumani, kavua nguo kajifunga kanga kakaa kwenye kitanda halafu ananyosha mkono: miwani? Nkafikiri anataka ya jua, nkamletea yangu nyeusi nloinunua sokoni Darajani. Akacheka, kisha alipoona sicheki akanyamaza, akanambia hiyo siyo, kwao kitanda hichi kina vijiwani vyake vidogo vinabana kwenye jicho pande zote, mwanga haupiti juu wala pembeni, na wewe mwenye saluni ndo unaempa mteja. Akavaa nguo zake akaondoka. Nkawapigia hapohapo, na kijana wenu akanijibu kwa voisi ya WhatsApp ambayo ninayo mpaka leo na nitaipeleka popote pale, anasema mama usijali, mteja afumbe macho tu au umfunike taulo, ile ni sawa na jua la asubuhi.

Mie nkamwamini. Siwezi kumuwekea mtu kitu ambacho mwenyewe sijakijaribu, kwa hivo Jumapili baada ya laasiri nkafunga mlango, nkalala humo dakika kumi na mbili, taulo usoni. Taulo lile likawa linanibana pumzi nkalisogeza, nkafumba macho, na hata ukifumba unaona wekundu mtupu kama umeelekea jua, na mara mbili tatu nkafumbua nichungulie simu kwa sababu mwanangu alikuwa ananitext. Sikuhisi kitu. Nkatoka nkapika, nkala, nkaswali magharibi, mzima kabisa.

Isha haijafika vizuri macho yakaanza. Kwanza kama kuna mchanga, nkayaosha, mchanga hautoki. Saa nne usiku nlikuwa siwezi kuyafumbua, machozi yanamwagika, taa ya simu tu ikiwaka ni kama mtu kanichoma sindano. Mamangu akaniosha na marashi ndo yakawaka zaidi, jirani akaja akasema hilo jicho la hasidi kwa ajili ya biashara mpya, ukafukizwa ubani, moshi juu ya macho yale, Mungu ndo anajua. Mie nlidhani ni redi aizi kama ile ilotembea Dar mwaka 2024. Nlikaa kitako mpaka alfajiri kitambaa usoni.

Asubuhi nkapelekwa hospitali nimeshikwa mkono kama kipofu. Daktari kabla hajanigusa akaniuliza, wewe unachomea vyuma? Nkamwambia mie nasuguwa watu singo. Akanitia dawa ya manjano akanimulika na taa ya buluu, akasema kioo cha mbele cha jicho kimeungua, vidoti vidoti vimejaa, hivi ndo wanavokuja mafundi waliochomea bila ya ngao. Ndipo nkamtajia kitanda. Akanieleza kwamba miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana inayochoma ngozi na ndo inayotoka kwenye taa hizi, haiumi pale pale, unakaa masaa kadhaa ndo moto unaanza, na ndo maana mtu hajui kimempata nini. Ile dawa ya ganzi alonitia nlimwomba nende nayo nyumbani akakataa katakata, ati inalichelewesha jicho kupona. Siku mbili nikapona, kweli. Lakini akanambia hayo maumivu ndo madogo yake, kwa sababu UVA, aina moja ya miale hiyo ambayo ndo nyingi kwenye vitanda hivi, inapita mpaka ndani kwenye lenzi, haiumi, inajikusanya mwaka hadi mwaka, mwisho wake unaweza kuwa mtoto wa jicho.

Na hilo la kufumba macho alinionyesha mwenyewe, akanambia shika ukope wako. Ngozi ya ukope ndo nyembamba kuliko zote mwilini, nyinyi mnataka mteja wangu ajikinge nayo na taa zilizo sentimita chache usoni mwake? Ati jua la asubuhi! Vitanda vyenye nguvu vinatoa UVA mara 10 mpaka 15 ya jua la saa sita mchana. Nlipopona nkakaa na mtoto wa dada yangu anisomee kwenye intaneti, nkakuta watu wa Shirika la Afya Duniani wanaoshughulika na saratani wameviweka vitanda hivi daraja moja na sigara tangu mwaka 2009, mwaka huohuo Brazili wakavipiga marufuku, na Uingereza mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kulala humo. Haya yote mlikuwa hamyajui? Mie muuza singo nimeyajua kwa bando la buku.

Kuna jengine lililonitisha kuliko yote. Wageni wengi wanaokuja huku wanameza doxycycline kujikinga na malaria, na dawa hiyo inaufanya mwili usistahamili mwanga, mtu anaungua upesi. Yaani kitanda cha taa mmekiuza kisiwa ambacho nusu ya wateja huenda wana dawa hiyo mkobani, na hakuna hata karatasi la kunambia muulize mgeni anatumia dawa gani. Yule Mjerumani angekuwa hana akili zake, angelala, saa nane za usiku kaamka hotelini hafumbui macho, nani angeitwa polisi? Nyinyi mko Dar.

Mlipopokea simu mara ya mwisho mkanambia mtanitumia miwani miwili ya bure, yaishe. Hapana. Ingekuja na boksi siku ile ningeshukuru, sasa hivi kitanda chenyewe sikitaki. Nataka pesa yangu milioni sita na laki tatu, nauli ya kenta laki na ishirini na gharama za hospitali, risiti zote ninazo. Na wale wengine mliowauzia, maana kijana wenu alinitajia saluni mbili za Dar na moja ya Arusha akijisifu, wapigieni leo hii muwaambie mtu asilale bila ya miwani yake maalumu, avae kabla taa hazijawaka na asiivue mpaka zizime, na ya jua isihesabiwe, na iliyokwaruzika itupwe. Simu tu hiyo, haiwagharimu.

Kitanda kipo, nimekichomoa umeme nkakifunika turubai, plagi nimeikata nimeiweka kabatini ili binamu zangu wasije wakajifanya wajuaji. Nawapa mpaka tarehe 25. Mkija mje na gari lenu na watu wanne wa kubeba, mlango wa saluni ni mwembamba na mara ya mwanzo walinivunjia fremu, na hiyo pia mtanilipa.

Mteja wenu,
Mwenye saluni, Paje