Gata haivuji, maji yanapita nyuma yake

Mvua zikianza tu Novemba simu za gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, zinakuja za aina moja, "fundi, gata yako inavuja". Yako kabisa, hata kama aliyeifunga ni mwingine.

Kuna mama mmoja kule Uyole, Mbeya, alibadilisha gata mara mbili na bado kila mvua ikinyesha maji yanateremka ukutani, tenki halijai, na chini ya ukuta udongo umechimbika mtaro. Na nikiri tu hapa, mara ya kwanza aliponiita mi mwenyewe nilipaka silikoni kwenye maungio yote nikachukua hela yangu nikaondoka. Mvua iliyofuata akapiga, "mwanangu, ulikuja kuipaka gata mafuta?"

Nikarudi na ngazi na kopo la maji. Nikawa namwaga juu ya bati taratibu huku nachungulia kwa chini, ndo nikaona mchezo wenyewe, maji yanafika mwisho wa bati, badala ya kudondoka yanakunja kona yanarudi ndani yamenata kwenye tumbo la bati kama sentimita tatu nne hivi, afu yanashukia kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa nyuma ya gata, yanapita kati ya ubao na mgongo wa gata, huyoo mpaka ukutani. Ndani ya gata kumelowa kidogo tu. Hapo hata ufunge gata ya dhahabu.

Ni kama chai kwenye birika, ukimimina polepole inateleza na mdomo inamwagikia mezani, ukimimina kwa nguvu inaingia kikombeni. Ndo maana manyunyu haya ya kwetu, yale ya Tukuyu yanayonyesha toka asubuhi mpaka jioni, yanaozesha fisha bodi kimyakimya wakati mvua kubwa wala huoni shida. Bati ikiwa imekatwa fupi, au paa limelala sana, au upepo unasukuma maji kurudi ndani, basi ndo kabisa.

Dawa yake ni flashingi. Ni kipande cha bati tambarare kimekunjwa kona, upande mmoja unaingia chini ya bati juu ya fisha bodi, upande wa pili unashuka mbele ya ubao mpaka ndani ya gata. Sio nyuma ya gata, NDANI, hapo ndo mafundi wengi wanakosea, wanaishushia nyuma afu wanashangaa maji yako palepale. Ncha ya chini tunaikunja kidogo kwenda mbele ili maji yadondoke yasinate tena. Vipande tunavilaza kimoja juu ya kingine kama sentimita kumi, na tunakata kwa mkasi wa bati, grenda hatutaki, cheche zake zinaunguza rangi na kutu inaanzia hapohapo.

Kama nyumba imeshaezekwa usiogope hatubomoi paa, tunalegeza skrubu za mstari wa chini tu, tunaingiza flashingi, tunakaza tena, na mpira wa skrubu ukiwa umechoka tunabadilisha. Tukiwa hapohapo juu tunapima na mteremko wa gata, ishuke angalau milimita tano kila mita moja kwenda kwenye bomba la tenki, maana gata iliyolala ikijaa inamwagikia nyuma na flashingi utaionea bure.

Bei inategemea mita na urefu wa nyumba kwenda juu, tunakuja kupima kwanza. Njoo kiangazi, Juni mpaka Oktoba, baridi ya Mbeya tunaivumilia, ila juu ya bati lililolowa hatupandi hata uongeze hela.

Na kama hujui kwako kukoje, mvua ikikatika panda ngazi uguse ubao wa nyuma ya gata. Ukiwa mgumu, flashingi inatosha. Kidole kikizama, tutakuja na mbao.