Taarifa ya mwaka 2023 ya mwenyekiti kwa wanachama wa kikundi chetu cha waokaji, Houston

Ndugu wanachama, mama zangu, dada zangu na kaka zetu wawili, shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku.

Taarifa hii ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu wa tarehe 9 Desemba ila mnajua wenyewe ilivyokuwa, tulifika watu 7 kati ya wanachama 38 na katiba yetu inataka angalau nusu, tukakaa mpaka saa kumi jioni tukinywa chai tukaondoka. Kwahiyo naiandika hapa kila mtu aisome kwa muda wake, asije mtu akasema hakuambiwa.

Nianze na yale ya kawaida, haraka haraka manake mengi mlikuwepo. Januari tulifundishana mkate wa sinia, Februari hamna kilichofanyika. Ramadhani tulipokea oda za vileja na visheti na Idi ikatuingizia dola 860. Mei tulinunua mashine ya kuchanganyia, Juni tukamfanyia mwenzetu sherehe ya mtoto, Julai watu walisafiri, Agosti tulikuwa na somo la lebo. Misiba ilikuwa mitatu na yote tulichangia. Pia tumemaliza mwaka bila deni kwa mtu yeyote, na hilo naomba likumbukwe manake nilipopokea uenyekiti mwaka juzi tulikuwa tunadaiwa mpaka hela ya ukumbi.

Sasa nije kwenye hili la mafuvu, manake najua ndo mnalosubiri.

Mwisho wa Septemba parokia moja ya hapa jirani, ambayo waumini wake wengi ni Wamexico, walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaokea biskuti za umbo la fuvu kwa ajili ya Día de Muertos, yaani Siku ya Wafu yao, dazani 40 ambazo ni biskuti 480, kila moja dola 3. Walitaka jibu kesho yake saa sita mchana. Niliandika kwenye grupu saa mbili usiku, simu inaonyesha waliosoma ni 26, waliojibu ni 3, wawili wakasema twende na mmoja akaweka tu kile kikatuni cha kushangaa. Asubuhi nikakubali oda. Ndo nilivyofanya na sijaficha. Baada ya hapo nikaletewa barua ya malalamiko yenye sahihi 11 na nataka niijibu yote.

La kwanza mmesema ni uchawi. Ndugu zangu, mimi niliuliza kabla ya kuukanda huo unga. Jirani yangu ni mama wa Kimexico, kwao ni Toluca, mji ambao kila mwaka kabla ya siku hizi unakuwa na soko zima la mafuvu ya sukari, akanikalisha jikoni kwake akanieleza. Tarehe 1 Novemba wanawakumbuka watoto waliofariki, wanawaita angelitos, malaika wadogo, na tarehe 2 ni ya watu wazima. Nyumbani wanatengeneza meza wanaiita ofrenda, wanaweka picha ya marehemu, mishumaa, maji, chumvi, chakula alichokuwa anakipenda, na yale maua ya rangi ya chungwa yenye harufu kali wanayaita cempasúchil ili marehemu aione njia ya kuja nyumbani. Fuvu la sukari nalo linakaa hapo mezani, limepambwa maua na vidoti, na meno yake yanacheka. Mtu akaniuliza kwanini yanacheka. Kwao kifo hakibagui, tajiri na maskini wote chini ni mifupa, na yule mwanamke fuvu mwenye kofia kubwa ya manyoya mnayemwona kila mahali, La Catrina, alichorwa na José Guadalupe Posada, aliyefariki 1913, kuwasuta watu waliokuwa wanakana asili yao wanajifanya Wazungu. UNESCO wenyewe waliiingiza sikukuu hii kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2008. Sasa huo uchawi uko wapi?

Na sisi je. Wakatoliki tunayo tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote. Kwetu Kibosho bibi alikuwa anatuamsha alfajiri twende tukapalilie kaburi la babu, mmoja kabeba jembe, mwingine ndoo ya chokaa, mdogo kabisa kabeba mishumaa. Dada zetu Waislamu mna kisomo cha arobaini, watu wanakusanyika, sinia za pilau zinatoka, marehemu anaombewa. Sisemi ni kitu kimoja, kwetu chakula wanakula walio hai na marehemu anapata dua, wenzetu wanamwekea marehemu mwenyewe sahani yake aje anuse harufu. Lakini mtu anayemkumbuka mama yake kwa sahani ya chakula mimi siwezi kumwita mchawi. Na yeyote aliyeniambia imani yake haimruhusu nilimwambia abaki nyumbani kwa amani, hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyekatwa chochote.

(Halafu kuna kitu kilinifurahisha sana, yule mama akisema sukari anasema azúcar, na hiyo na sukari yetu zote zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu. Tulicheka kweli siku ile.)

La pili mmeuliza kwanini oda ilikuwa kwa jina langu na hela ikapita kwangu. Sheria ya hapa Texas ya vyakula vya kuoka nyumbani, kama ilivyokuwa mwaka huo wa 2023, ilimlenga mtu anayeoka jikoni kwake, biskuti ziliruhusiwa ila lazima zifungwe na ziwe na lebo yenye jina na anwani ya aliyeoka, pamoja na vitu vinavyoleta mzio kama ngano, maziwa na mayai. Kikundi chetu hakina jiko. Jiko lilikuwa langu, umeme wangu, lebo jina langu, na kama mtoto angeumwa angetafutwa nani? Risiti zote ninazo. Tuliingiza dola 1,440, tukatumia 648, zikabaki 792 na zimeingia zote kwenye mfuko. Mimi sikuchukua hata ya petroli.

La tatu, hasara. Hapa nieleze vizuri manake stori zimezunguka hovyo.

Unga wenyewe haukuwa na tatizo. Siagi, sukari, mayai, unga wa ngano, vanila na mdalasini kidogo, unaukanda unauweka kwenye friji ukaze, unasukuma unene kama nusu sentimita hivi na kidogo zaidi, unakata, kisha oveni ya nyuzi 175 za Selsiasi dakika 11, ukiona pembeni pameanza tu kupata rangi unatoa. Ijumaa tarehe 27 Oktoba tulimaliza zote 480 na zilitoka nzuri hata moja haikutanuka. Kazi ilikuwa kwenye aisingi, ile sukari ya kupambia juu ya biskuti. Tulitumia ute wa yai wa unga badala ya ute mbichi, manake huwezi kupelekea watoto mia kadhaa yai bichi, sukari ya unga na maji. Unatengeneza nzito ya kuchora mpaka na nyepesi ya kujaza katikati, ile nyepesi ukipitisha kisu mstari unatakiwa ujifunge ndani ya sekunde kumi na kitu. Ukishajaza nyeupe unaacha ilale usiku mzima ndo kesho yake uchore macho meusi na maua.

Jumamosi walijiandikisha watu 15. Walikuja 6. Nyeupe tulianza asubuhi na ilipofika jioni juu ilikuwa imekauka, ukigusa kwa kidole unaona kavu, wote tumechoka na mimi nikasema tuanze nyeusi usiku huohuo tupunguze kazi. Mnaijua hewa ya Houston, siku ile nje kulikuwa na unyevu mpaka vioo vinatoka jasho, na jikoni kulikuwa na sufuria ya maharage inachemka kwa ajili ya chakula chetu. Ndani ile nyeupe ilikuwa bado mbichi. Asubuhi nimeamka saa kumi na moja nikawasha taa, trei ya kwanza macho yameshuka mashavuni, ya pili hivyohivyo, nyeusi imeingia kwenye nyeupe kama mtu aliyelia na wanja usoni. Biskuti 190. Nilikaa chini pale jikoni.

Jirani yangu nilimwita kabla hata hajaenda misa. Alikuja na feni mbili, akatuonyesha ipigwe pembeni juu ya trei mara tu unapomaliza kujaza ili juu pashike ngozi haraka, na akasema nyeusi inatengenezwa siku moja kabla manake ikilala inazidi kukolea yenyewe, hivyo unaweka rangi kidogo, sisi tuliimwagia rangi nyingi palepale ndo maana ikachuja. Jumapili tulioka upya watu 4 mpaka saa sita usiku, nyeupe ikalala chini ya feni, Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikachora macho na maua mpaka jioni, Jumanne jioni parokia wakapokea zote 480 na wakatushukuru sana. Kurudia kulitugharimu dola 118 na yule mama nilimpa dola 100, zote ziko ndani ya zile 648. Kuna mtu ameuliza kwanini tulipe mtu wa nje. Tulimlipa kwa sababu alituokoa na ningemlipa tena kesho.

Sasa kuna jambo la majina na hili silitetei. Jirani alinieleza kwamba kule kwao marafiki wanapeana mafuvu ya sukari yenye jina la mtu kwenye paji la uso, ni zawadi ya upendo kwa mtu aliye hai, na mengine yanaandikwa jina la marehemu yanawekwa kwenye ofrenda. Nikaipenda. Unga uliobaki nikaoka 38, nikaandika jina la kila mwanachama kwa mkono wangu mpaka wale wasiolipa, nikazigawa mkutano wa tarehe 11 Novemba. Mama yetu mmoja alifungua kifuko chake, akaona jina lake kwenye fuvu, mikono ikaanza kumtetemeka. Wengi mnajua mwezi Agosti kaka yake alizikwa Bukavu na yeye hakuweza kusafiri kwa sababu ya makaratasi. Akaiweka ile biskuti mezani taratibu, akachukua mkoba wake akaondoka. Kwetu jina la mtu linaandikwa msalabani, na mimi niliyechora hata msalaba wa babu yangu kwa chokaa nilitakiwa nilijue hilo kabla sijashika mfuko wa aisingi. Ningeeleza kwanza, au nisingeandika kabisa. Nimeenda kwake mara mbili, mara ya pili alinifungulia tukakaa. Namwomba radhi hapa mbele ya wote. Ila wanaochukua jambo lake wakalifanya fimbo ya kunipigia kwenye ile oda, wamwache mama wa watu apumzike.

Na tuseme ukweli, kati ya sahihi 11 za ile barua, 8 hawajakanyaga mkutano tangu Juni na 6 hawajalipa hata dola moja mwaka mzima. Mikutano ilikuwa 11, wastani watu 12, Agosti tulikuwa 5. Mimi ndo nafungua ukumbi, napanga viti, nachemsha chai, na nafunga. Wengine mnaingia imebaki dua ya kufunga.

Ada ni dola 15 kwa mwezi. Kwa watu 38 mwaka mzima ingekuwa 6,840, tumepata 3,915, deni la wanachama kwa kikundi ni 2,925. Waliomaliza ni 14, Mungu awabariki, 15 wamelipa nusunusu na 9 hawajalipa kitu. Hao 9 ni pamoja na mtu tuliyemchangia msiba mwezi wa tano, simtaji, anajijua.

Kwa ujumla mwaka tulianza na 1,102, ukiongeza ada, Idi na mafuvu jumla ni 7,317. Matumizi ni mafuvu 648, vifaa vya Idi 270, mashine 430, misiba 1,400, ukumbi 660, sherehe na zawadi 350, vikatio, trei na rangi 285, na mengineyo 512 ambayo ni chai, maji, kuchapisha na vitu vidogovidogo, daftari lipo anayetaka aje alione. Jumla 4,555, zimebaki 2,762.

Mwakani Mungu akipenda tungeangalia uwezekano wa kukodi jiko la pamoja hata mara moja moja, na jirani amesema yuko tayari kutufundisha pan de muerto, mkate laini wa siagi na mayai wenye harufu ya maua ya mchungwa, juu wanapanga vipande vya unga kama mifupa. Tutaona watu watakavyojitokeza. Parokia wameshauliza tena kwa ajili ya mwaka kesho na sijawajibu, safari hii nasubiri mkutano, basi mje.

Mwisho, vikatio vya fuvu vilikuwa 6 na kwangu viko 4. Aliyenavyo viwili avirudishe pamoja na ile nozo ndogo namba 2 ya kuchorea aisingi, na mashine isikae kwa mtu zaidi ya wiki moja.

Mwenyekiti wenu.