Barua kwa Zuwena: nyumba ya bibi yako isitiwe saruji

Kiponda, Unguja

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anakudai halwa, anasema ile uliyoleta mara ya mwisho iliisha kabla wageni hawajaionja.

Ujumbe wako nimeupata, na nyumba nimekwenda kuitazama kama ulivyoniomba. Nimeshinda humo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mzee anayeshika funguo amenifungulia kila chumba, hata stoo ya chini, na nimepanda hadi juu kwenye bati. Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nataka barua hii uwasomee kaka zako yote, kabla hamjatia saini kwa yule mkandarasi. Nyumba ile bado nzima, Zuwena. Imezeeka, lakini nzima. Kitakachoiangusha ni hayo matengenezo ya kuifanya nyumba ya wageni, yaliyoandikwa kwenye karatasi aliyowapa.

Nianze na kuta, maana hapo ndipo anapotaka kuanzia yeye. Ukuta wa chini, upande wa mtaani, kuna mtu aliwahi kuupiga plasta ya saruji. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukatoa sauti ya uwazi. Nikabandua kipande kilichokwisha kupasuka: jiwe la matumbawe nyuma yake limelowa chepechepe, na juu yake imeota chumvi nyeupe, laini, inayoganda kwenye vidole. Hatua chache ndani, kwenye ukumbi, ukuta uleule una chokaa yake ya zamani, na ni mkavu. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Linanyonya maji ya ardhini na unyevu wa bahari kila siku ya Mungu. Chokaa inauachia ule unyevu utoke, upepo ukaukaushe. Saruji inauziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, yakifika juu hukutana na vichwa vya boriti, ile miti ya mkoko inayobeba sakafu, vilivyozama ukutani, na huko ndiko boriti zinakoanza kuoza, mahali ambapo jicho halifiki. Siku mtakapoona sakafu ya ghorofani imebonyea, mtaambiwa boriti ni mbovu, tumwage zege. Na zege lenye nondo juu ya kuta zilizojengwa kwa mawe, udongo na chokaa ni mzigo ambao hazikujengwa kuubeba.

Kaka yako mkubwa anasema boriti ni vijiti vya kimasikini. Mwambie aende azitazame nyumba kongwe za huko Ghuba mliko, zile ambazo hazijavunjwa. Watu wa Ghuba waliziita chandali, na zilitoka kwetu: mikoko ya delta ya Rufiji na ya Lamu, ilipakiwa majahazini, ikapanda na upepo wa kusi mpaka Maskati, Bahrain na Kuwait, kwa kuwa miti ya kujengea ilikuwa adimu kule. Mti wa mkoko hauendi mbali bila kupinda, kwa hiyo chumba hakipiti upana wa mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya bibi yako ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana vya kule vinafanana navyo. Mmoja amejenga kwenye jangwa, mwingine kwenye kisiwa cha mikarafuu, na aliyewakatia wote kipimo ni mkoko.

Sasa hili la pili limeniuma zaidi. Umeniandikia kwamba kaka zako wanataka nyumba "irudishwe Kiomani": roshani ya mbao itolewe kwa kuwa ni ya Kihindi, bati litolewe, dari ibaki tambarare na kingo za mapambo, mbele papakwe nyeupe tupu. Ninaelewa wanachotamani. Lakini ingieni humo ndani mnionyeshe hiyo Oman inaanzia wapi na inaishia wapi.

Ua wa kati, ngazi iliyojificha, madirisha machache ya chini ili mpita njia asiwaone wa ndani, hayo kweli yalikuja na Waomani, hasa baada ya Seyyid Said, sultani wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Lakini kujenga kwa matumbawe na chokaa watu wa pwani walikuwa wakikujua karne nyingi kabla yake. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa kale wa Kikufi, ya mwaka 1107. Kilwa na Gedi zilikwisha kuwa miji ya mawe, zikachoka, kabla hata ukoo wake wa Busaidi haujatawala Oman. Vidaka vya ukutani ambamo bibi yako alipanga sahani zake za kauri, wenzake wa Lamu na Pate walikuwa navyo zamani. Na mikono iliyochimba yale mawe, ikachoma ile chokaa na kubeba boriti kichwani kutoka bandarini, mingi ilikuwa ya watumwa. Soko lao mjini hapa lilifungwa mwaka 1873. Mtu anayetaka kuipa nyumba hii kabila moja itambidi awafute na hao, nami sitamsaidia.

Kuhusu bati, nitasema ukweli. Dari tambarare ni nzuri kwa Maskati, ambako mvua ni kama milimita 100 kwa mwaka. Unguja inapita 1,500. Wazee wanasimulia jinsi dari zilivyopondwa kwa vigongo, watu wamejipanga mstari wanaimba, chokaa na kokoto zikipondwa siku nyingi mpaka zikashikana, na bado masika ikapata pa kupenya. Ndipo nyumba zikavishwa bati juu, kama mtu aliyehamia nchi ya mvua akanunua kofia. Mkilitoa, mtakuwa na picha nzuri ya kurusha mtandaoni mwezi wa Januari, na mwezi wa Aprili maji yatakuwa chumbani kwa wageni.

Na roshani! Zuwena, nimesimama pale juu kwa muda mrefu. Nguzo mbili zimeliwa na mchwa, hilo kweli, na ubao mmoja wa chini umetoboka. Vilivyobaki ni mti wa msaji, mgumu, umetobolewa maua kwa msumeno mwembamba hata jua linapopita linaandika yaleyale maua sakafuni. Mafundi wa namna hii walitoka Kachchh na Gujarat huko India, au walifundishwa na waliotoka huko. Seyyid Barghash mwenyewe, mwana wa Seyyid Said, alipelekwa uhamishoni Bombay baada ya jaribio la 1859 la kumpindua kaka yake, akarudi ameona mengi, na alipotawala kuanzia 1870 mpaka 1888 mji ukajaa mtindo ule. Kwa hiyo sultani wa Kiomani ndiye aliyeipenda India mpaka akaileta nyumbani. Kaka zako wanataka kuwa Waomani kuliko yeye? Tena roshani ina kazi. Bibi yako alikaa pale alasiri, akaona mtaa mzima na mtaa haukumwona, na upepo wa bahari ukamfikia. Ukiziba pale kwa kioo na kiyoyozi, maji ya kiyoyozi yatachuruzika ukutani mwaka mzima, na tumerudi kwenye chumvi yangu ya mwanzo.

Mlango sijui niseme nini. Nimesikia umeshapata mnunuzi. Nawaomba, kwa heshima ya marehemu, msiuuze. Nimeupangusa vumbi kwa kanga yangu nikautazama vizuri. Juu una upinde, namna ya Kigujarati iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Milango ya Kiomani ya kabla yake ilikuwa ya mraba juu. Lakini ndani ya upinde ule wa Kihindi limechongwa jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, na kwenye fremu mnyororo umezunguka pande zote mpaka kizingitini. Mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili, umekaa kwenye ubao wa kushoto, kwa hiyo wa kulia ndio unaofunguka kwanza, kama milango yetu yote. Vile vichwa vya shaba vilivyochomoza, watembezaji watalii husema vilikuwa vya kuzuia ndovu huko India. Huku havikumzuia mtu, vilimwonyesha mgeni kwamba mwenye nyumba anacho. Ukishang'olewa ukaning'inizwa kwenye hoteli ya watu, nani atausoma?

Baraza ya nje, mkandarasi ameiandika kama "kuondoa kikwazo". Yeye hakai hapa. Masika ikinyesha mtaa unageuka mto, na sisi tunapita juu ya baraza, nyumba kwa nyumba, mpaka Darajani. Alasiri wazee wanakaa hapo na vikombe vya kahawa. Ile milango ya mbao za kukunja ya duka la mbele nayo msiiondoe. Wekeni mapokezi yenu humohumo dukani, mgeni aingie kama mteja alivyoingia. Sioni sababu ya kioo.

Nisije nikaonekana ninakataa kila kitu. Nyumba ya wageni inawezekana, na inaweza kuwalisha. Ninachokiogopa ni vyoo. Karatasi inasema kila chumba kiwe na bafu lake. Nyumba nyingi za mji huu zimeharibiwa na bomba linalovuja ghorofani pole pole, nyuma ya vigae vizuri. Fanyeni mabafu machache, yapangwe moja juu ya jingine upande wa choo cha zamani, mabomba yapite nje ya ukuta yanapoonekana, ili likivuja mlijue siku hiyohiyo. Matangi ya maji yasiwekwe juu ya paa: lita 1,000 ni tani nzima, inakaa juu ya boriti za mkoko usiku na mchana. Yawekwe chini, uani, na pampu.

Na hakuna kazi ya kuanza bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ipo tangu 1985, na tangu 2000 mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia, sababu mojawapo ikiwa ni huu mchanganyiko ambao kaka zako wanataka kuuchambua. Mmeona wenyewe tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele wa jumba la Beit el Ajaib ulivyoporomoka katikati ya matengenezo, watu wawili wakafariki. Ile ilikuwa nyumba ya Barghash, ya mwaka 1883, yenye nguzo za chuma kutoka Ulaya na macho ya nchi nzima juu yake. Ya kwenu haina wa kuitazama ila nyinyi.

Mafundi wapo. Namjua fundi mwashi aliyejifunza chokaa kwa baba yake na anayefundisha vijana wawili. Anataka plasta yote ya saruji ibanduliwe kwanza, kuta ziachwe zipumue msimu mzima wa kaskazi, kisha zipigwe chokaa iliyolowekwa wiki nyingi, si ile ya kuchanganya asubuhi ukaipaka jioni. Boriti mbovu si zote. Pale juu ya stoo ndipo pabaya, na zinaweza kubadilishwa moja moja bila kubomoa sakafu. Seremala wa roshani nimeshazungumza naye, anasema nguzo zile mbili anaweza kuzichonga upya kwa kuiga zilizobaki. Kazi hii ni ya polepole, na fedha hutoka kidogo kidogo, jambo ambalo kwa warithi saba nadhani ni nafuu kuliko mkopo wa benki.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Mzuieni mnunuzi wa mlango leo, kwa simu, kabla hajaleta watu wake. Na kaka yako mkubwa anipigie yeye mwenyewe baada ya Ijumaa, nitakuwa na bei za chokaa, boriti na seremala zimeandikwa mezani, aulize anachotaka.

Wabusu watoto. Mama anasema halwa iwe ya zafarani.

Shoga yako akupendaye,
Maryam