Ua la Usambara

Mhariri, juzi nimenunua ua kwenye kitalu kimoja hapa Tanga, dogo la zambarau, majani yana manyoya kama sikio la paka, muuzaji ananiambia eti limetoka Ulaya! Nikacheka mpaka basi. Hilo la Usambara jamani. Bwana mkubwa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo alimpelekea baba yake Ulrich kule Ujerumani, na 1893 mtaalamu wa mimea Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima ya baba na mwana. 2015 wataalamu wakaliingiza kwenye jenasi (kundi la mimea ya ukoo wa karibu) ya Streptocarpus, kwa hiyo jina la baba na mwana nalo limefutwa kama jenasi, haya. Ila Wajerumani bado wanaliita Usambaraveilchen, angalau wanataja kwetu.

Msomaji wako, Chumbageni, Tanga