Kabla ya kuchagua injini ya sedani mpya

Kwako rafiki yangu Salim,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika, na nimefurahi kuona umeamua kulijaribu gari barabarani kabla ya kutia saini chochote. Umesema sedani hiyo imebuniwa upya kuanzia chasisi hadi viti, na injini zipo tatu: ya lita 2.5 isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) yenye giaboksi otomatiki ya gia nane, ya lita 1.5 ya turbo yenye CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za kuhesabu, na ya haibridi, inayochanganya injini ya petroli na mota za umeme. Umeniuliza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo peke yake litakupoteza, Salim, kwa sababu nguvu ya injini hukufikia baada ya kupita kwenye giaboksi, na giaboksi ndiyo inayoamua utaipata lini na kwa kelele kiasi gani.

Chukua mfano wa matoleo ya mwaka 2018, Toyota Camry na Honda Accord zilipobuniwa upya zote mbili, kila moja kivyake, kwa soko la Marekani. Camry ya kawaida ya lita 2.5 ilitoa nguvu za farasi 203 injini ikiwa kwenye mizunguko 6,600 kwa dakika. Accord ya turbo ya lita 1.5 ilitoa 192 kwenye 5,500. Ukiishia hapo utaipa Camry ushindi. Sasa tazama torki, yaani ule msukumo wa kuzungusha unaousikia mgongoni gari linapovuta. Ya Camry ni kama newton-mita 250, lakini inafika kileleni karibu na mizunguko 5,000. Ya Accord ni 260, inaanza kwenye 1,600 na kudumu hadi 5,000. Maana yake ni kwamba injini isiyo na turbo, ukitaka kulipita lori, lazima giaboksi ishuke gia mbili au tatu ili mizunguko ipande. Ya turbo inaweza kuvuta palepale ilipo. Kwa hiyo kwenye gari la lita 2.5 utakuwa unaipima giaboksi hasa: inashuka haraka, au inasitasita?

Siku ya kujaribu, omba magari yote matatu siku moja na uyapitishe njia ileile. Dakika 25 kwa kila moja zinatosha, mradi njia iwe na foleni kidogo, mlima, mteremko, lami iliyochakaa na kipande cha barabara kuu. Nenda na mtu wa kukaa nyuma, ikiwezekana wawili, na kiyoyozi kiwe kimewashwa. Gari lililobeba dereva peke yake halitakuambia lolote kuhusu safari ya familia. Angalia pia saizi ya rimu. Wauzaji hupenda kukupa toleo la juu lenye rimu za inchi 18 au 19, nawe unakusudia kununua la inchi 17. Tairi yenye ukuta mfupi hugonga zaidi kwenye mashimo na huleta mvumo ndani, halafu unarudi nyumbani ukiilaumu injini au shokabsoba bure. Upepo wa tairi upimwe kabla ya kuondoka na ulinganishwe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu magari mapya mara nyingine husafirishwa tairi zikiwa zimejazwa kupita kiasi, na huachwa hivyo.

Waambie mapema wasiiwashe injini kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti; ikiwa ya moto, wamekuondolea nusu ya ushahidi. Injini baridi ikiwaka, mizunguko hupanda hadi 1,200 au zaidi, kisha hushuka taratibu hadi kati ya 600 na 800. Utasikia mlio wa taka-taka-taka kama cherehani. Usishtuke, hizo ni nozeli za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ni mlio wa kawaida. Kinachostahili wasiwasi ni mtetemo unaofika kwenye usukani na viti injini ikiwa tayari imepata moto.

Sasa giaboksi, na hapa usiwe na haraka. Gari likiwa limesimama na breki imekanyagwa, toka P (kuegesha) kwenda R (kurudi nyuma), subiri, kisha R kwenda D (kwenda mbele). Gia iingie ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo. Achia breki bila kugusa mafuta: gari linapaswa kujivuta lenyewe polepole na kwa ulaini. Ingia kwenye foleni ukatembee kati ya kilomita 5 na 20 kwa saa, kusimama na kuondoka, mara kumi au zaidi. Otomatiki ya gia nane huunganishwa na injini kwa konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa oili badala ya klachi, kwa hiyo mwendo wa kutambaa huwa laini. Udhaifu wake, kama upo, utauona ikihama kati ya gia ya kwanza na ya pili, kichwa kikitikisika kidogo kila unapoachia mafuta. Wakikuonyesha pia toleo lenye giaboksi ya klachi mbili, lichunguze sana hapo kwenye foleni, hasa kama klachi zake ni kavu, yaani haziogi kwenye oili. Klachi hizo hutelezeshwa kila gari linapotambaa, hupata joto, na ndipo mtetemo wa kuondokea huanza.

CVT haina gia za kuhesabu. Ndani yake mna puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda au mnyororo wa chuma unaopita kati yake. Ukikanyaga mafuta nusu, ni tamu, hakuna kukatika. Ukikanyaga hadi chini, mizunguko hupanda na kubaki huko juu ikilia wakati spidi inafuata nyuma. Watengenezaji wengi wameweka programu inayoigiza hatua za gia ili kupunguza kero hiyo. Jaribu hivi: ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, kanyaga ghafla hadi robo tatu ya pedeli na uhesabu kimoyomoyo mpaka gari lianze kuvuta kweli. Rudia ukiwa kwenye 80. Kwenye turbo ya CVT kuna ucheleweshaji wa aina mbili unaojumlishana, turbo kujaza pumzi na puli kubadilisha uwiano. Ikizidi sekunde moja na nusu, mimi ningeiona ndefu mno kwa mtu anayepita malori barabara ya njia moja kila upande. Kwenye gia nane, fanya jaribio hilohilo na usikilize kama inashuka gia zote kwa mpigo mmoja au inashuka moja, inafikiri, kisha inashuka nyingine. Hiyo ya pili inachosha sana.

Mlima mrefu usio mkali ndio mtihani wa kusaka gia. Shika kilomita 80 bila kubadilisha mguu. Giaboksi mbaya itapanda ya nane, itaona inazama, itashuka ya sita, itapanda tena, na hivyo hivyo hadi kileleni. Mteremkoni achia mafuta uone kama injini inalishika gari au inaliacha lijiendee. Kwenye barabara kuu, shika 100 na utazame mita ya mizunguko. Gia nane nzuri itakaa mahali fulani kati ya 1,600 na 2,000. Kama uko 2,500, utaisikia safari nzima.

Haibridi ina kanuni zake. Kwenye mfumo kama wa Toyota hamna mkanda wala puli, ingawa hata yenyewe huitwa CVT. Kuna seti moja ya gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, inayounganisha injini na mota mbili za umeme, na hiyo ni mashine ngumu kuharibika. Haina stata ya kawaida ya kuwashia injini wala oltaneta ya kuchaji betri, na hivyo ni vitu viwili pungufu vya kufa. Unachopaswa kukipima ni breki. Mwanzo wa pedeli, mota ndiyo inayopunguza mwendo na kuchaji betri. Gari likikaribia kusimama, pedi hupokea kazi. Makabidhiano hayo yakiwa mabaya utahisi gari likijisukuma mbele kidogo au likishika ghafla kwenye mita ya mwisho. Simama mara kadhaa kwa ulaini uwezavyo. Sikiliza pia injini inapoamka katikati ya mwendo; ikiwa nzuri, mtu wa nyuma hatatambua. Kwenye mteremko mrefu betri ikijaa, mota haina tena pa kupeleka umeme, na injini itaanza kulia ili kusaidia kulizuia gari. Ni kawaida. Inua kiti cha nyuma au angalia pembeni yake utafute tundu la hewa la kupoza betri, kama lipo. Tundu hilo likizibwa na nguo au chujio lake likijaa vumbi, betri hupata joto na huzeeka mapema. Na betri ndogo ya volti 12 bado ipo. Ikifa, haibridi nzima haiwaki.

Kuhusu mafuta, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri kila gari linapoanza njia. Namba utakayoipata si ya kudumu, lakini kwa kuwa njia ni moja, tofauti kati ya magari ina maana. Tuseme lita 2.5 inakula lita 7.5 kwa kilomita 100 na haibridi inakula 5. Ukiendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, umeokoa lita 500. Gawanya tofauti ya bei ya magari kwa bei ya lita 500 na utapata miaka ya kurudisha fedha yako. Ikizidi miaka unayokusudia kukaa na gari, hesabu imekataa. Turbo ndogo huwa na matumizi mazuri kwa mguu mwepesi na mabaya kwa mguu mzito, kwa hiyo usiamini namba yake kama ulikuwa ukiendesha kwa adabu kuliko kawaida yako. Lakini kama unaishi mahali palipoinuka sana, turbo ina haki yake: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na turbo hufidia sehemu kubwa ya upotevu huo.

Uliniandikia kwamba safari zako nyingi ni za kilomita tatu au nne. Hilo linanitia wasiwasi kuhusu ile ya lita 1.5. Injini za turbo zinazopuliza petroli ndani ya silinda, zisipopata moto wa kutosha, huacha petroli iteremke pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili. Dalili yake ni kijiti cha oili kuonyesha kiwango kinachopanda badala ya kushuka, na harufu ya petroli. Oili nyepesi namna hiyo hailindi beringi za turbo, na turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukiichagua hata hivyo, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu, na uipe safari ndefu ya nusu saa kila wiki. Uliza pia kama nozeli ziko ndani ya silinda peke yake au zipo na nyingine kwenye njia ya hewa. Zikiwa za ndani tu, petroli haioshi vali za kuingiza hewa na masizi hujijenga huko.

Muulize muuzaji oili ya giaboksi hubadilishwa lini. Akikujibu kwamba ni ya maisha yote, omba kitabu cha matengenezo usome sehemu ya matumizi magumu. Kwa CVT mimi ningebadilisha kwenye kilomita 60,000, na kwa oili ileile iliyotajwa na mtengenezaji, kwani oili ya otomatiki ya kawaida itafanya mkanda uteleze na kuichana puli.

Kwa ulivyonieleza, foleni asubuhi na jioni na safari ndefu mara mbili kwa mwaka, mimi naiweka haibridi mbele kama hesabu ya miaka itakubali, kisha lita 2.5 ya gia nane. Ukimaliza kila gari, kaa ndani dakika tano uandike kabla hujaligusa jingine: sekunde ulizohesabu kwenye 60 na 80, mizunguko kwenye 100, lita kwa kilomita 100, na alichosema aliyekaa nyuma. Nitumie karatasi hiyo kama ilivyo.

Wasalaam,
rafiki yako, Hamadi