Pointi za leseni hazifutiki baada ya miaka mitatu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya toleo lililopita kuhusu madereva wetu hapa Uingereza ilisema kwamba pointi za adhabu hufutika kwenye leseni baada ya miaka mitatu. Naomba nafasi ya kusahihisha jambo hilo, kwa sababu mpwa wangu alikosa kazi kwa kuamini maneno hayohayo.

Mwezi Juni 2021 kamera ilimnasa akizidisha mwendo, akatozwa faini na kuandikiwa pointi tatu. Agosti 2024 aliomba kazi ya kuendesha gari la mizigo, na kwenye fomu akajaza, kwa moyo safi kabisa, kwamba hana pointi hata moja. Mwajiri alipofungua rekodi yake alizikuta zimeandikwa kwa alama ya SP30, yaani kuzidisha mwendo, pamoja na tarehe ya kosa, na kijana akaonekana mwongo. Ukweli ni kwamba pointi za kosa kama lile huingia kwa miaka mitatu katika hesabu ya zile pointi 12 zinazomweka dereva katika hatari ya kufungiwa leseni, lakini huendelea kuonekana kwenye rekodi hadi itimie miaka minne tangu siku ya kosa. Aliyehukumiwa kwa kuendesha akiwa amelewa hukaa na doa hilo miaka 11 tangu siku ya hukumu. Kampuni za bima nazo mara nyingi huuliza habari za miaka mitano, hivyo hata pointi zilizokwisha kuondoka kwenye rekodi huenda zikalazimu kutajwa.

Rekodi hiyo haimo tena kwenye karatasi. Karatasi iliyokuwa ikiambatana na kadi ya leseni ilifutwa tarehe 8 Juni 2015, na taarifa zote sasa ziko DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea. Dereva huingia kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, akiwa na namba ya leseni, namba yake ya National Insurance (bima ya taifa) na posikodi, akaona madaraja ya magari anayoruhusiwa kuendesha pamoja na pointi zake. Halipi chochote, na nalisisitiza hili kwa kuwa nimekutana na wazee waliotozwa pesa na watu wa kati kwa kazi ya dakika chache. Mwajiri akitaka kuiona rekodi, dereva hupata humohumo msimbo wa kumpa, ambao hudumu siku 21 na hutumika mara moja tu. Asiyetumia intaneti anaweza kuiandikia DVLA barua ya kuomba taarifa zake binafsi, kwani hiyo ni haki yake kisheria.

Lipo linaloniuma zaidi. Leseni ya Kenya au ya Tanzania hutumika hapa kwa miezi 12 tangu mtu aanze kuwa mkazi, na kwa kuwa nchi zetu hazimo katika orodha ya zile ambazo leseni zake hubadilishwa, baada ya hapo hulazimika kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani kama mwanafunzi. Aliyeendesha basi kati ya Mombasa na Nairobi kwa miaka 20 anahesabiwa kuwa dereva mpya, na kwa sheria ya mwaka 1995, akifikisha pointi sita ndani ya miaka miwili tangu afaulu, leseni yake hubatilishwa na mitihani yote miwili huanza upya. Kushika simu mkononi akiendesha, mara moja tu, kunatosha kuzifikisha.

Naomba basi mchapishe masahihisho. Naviomba pia vyama vyetu vya mijini, ambavyo tayari vinawasaidia watu kujaza fomu za nyumba na za shule, vimkalishe dereva mbele ya kompyuta aisome rekodi yake kabla ya kujaza fomu ya kazi au ya bima. Mpwa wangu aliisoma yake kwa mara ya kwanza siku alipoulizwa kwa nini amedanganya.

Wenu,
Dereva mstaafu wa basi,
Birmingham