Shukrani kwa mzee mwenye darubini

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Usiku ule ulisimama uwanjani na darubini yako ya miguu mitatu, nami nikapita nikitoka kazini. Ukaniita: "Njoo uone, mwanangu."

Nikainama. Sayari ya Mshtarii ilikuwa duara dogo lenye mistari miwili hafifu, na pembeni vitone vinne vimejipanga. Ukaniambia ndiyo miezi inayoizunguka Mshtarii, ileile aliyoiona Galileo, mtazama nyota wa Italia, mwaka 1610. Sayari ikaanza kuteleza nje ya kioo. Ukasema haikimbii, ni dunia yetu inazunguka. Ukaisogeza darubini kidogo kwa vidole viwili, ikarudi.

Nikiwa na miaka 9 nilimwambia kila mtu kwamba nitasomea nyota. Kisha ikaja karo ya wadogo zangu, zikaja hesabu za kampuni za watu. Nilikueleza yote hayo, sijui hata kwa nini. Hukucheka, wala hukunipa pole. Uliuliza tu: "Sasa nani amekukataza?"

Sikuwa na jibu. Wiki ileile niliazima darubini ya mkononi, nikafungua daftari: tarehe, saa, mchoro. Callisto, mwezi ulio mbali kuliko wenzake watatu, huchukua karibu siku 17 kuizunguka Mshtarii. Nimeufuata mzunguko mzima, mzee wangu, kwa macho yangu!

Jumatatu naanza masomo ya fizikia ya jioni, nikiwa na miaka 43. Ahsante sana. Ukiyasoma haya, nitafute. Daftari lote nataka ulione wewe kwanza.